Afya ya Mama: Mlango wa Kizazi, Mlinzi Tusiyemjua

Mwezi huu tuzungumze juu ya kiungo ambacho kila mwanamke huzaliwa nacho, na kila mtoto aliyezaliwa kwa njia ya kawaida amekipita, lakini wengi wetu hatujui kilipo wala kazi yake. Kiungo hicho ni mlango wa kizazi. Wengine huuita shingo ya kizazi. Majina yote mawili ni sahihi, maana ni shingo kwa umbo na ni mlango kwa kazi.

Zamani binti alipovunja ungo, bibi, shangazi au kungwi alikaa naye ndani akamfundisha. Mengi aliyofundishwa yalikuwa mema: usafi, heshima, na namna ya kukaa na mume. Lakini juu ya mlango wa kizazi hakuambiwa neno, kwa sababu kungwi mwenyewe hakupata kuuona. Ni kiungo kilichofichika. Na kitu usichokijua huwezi kukisemea. Mama anaona damu isiyo ya kawaida, anafika zahanati anaona haya, anasema tu, "Tumbo la chini linanisumbua." Anapewa vidonge vya maumivu, anarudi nyumbani, na miezi inapita.

Ukimya huo una gharama. Nchini Tanzania saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayowapata wanawake wengi kuliko saratani nyingine yoyote. Inakadiriwa kwamba kila mwaka wanawake zaidi ya 10,000 hupata ugonjwa huu, na zaidi ya 6,000 hufariki. Duniani kote, kwa mwaka 2022, wanawake kama 660,000 waliupata na kama 350,000 walifariki. Wengi wao walikuwa mama wenye watoto wanaowategemea. Na la kusikitisha zaidi ni kwamba hii ni saratani inayoweza kuzuilika. Basi tuanze kwa kuujua mlango wenyewe.

Uko wapi, na umbo lake ni lipi?

Mfuko wa uzazi wa mwanamke asiye na mimba ni mdogo. Urefu wake ni sentimita 7 au 8 hivi. Umbo lake ni kama peasi lililogeuzwa, upande mnene ukiwa juu na upande mwembamba ukiwa chini. Huo upande mwembamba wa chini ndio mlango wa kizazi, na urefu wake ni sentimita 3 au 4 hivi. Mbele yake kuna kibofu cha mkojo, na nyuma yake kuna utumbo wa choo kikubwa. Sehemu yake ya juu imeungana na mfuko, na sehemu ya chini imechomoza ndani ya uke, kule mwisho kabisa.

Mkunga anapopima kwa kidole hugusa kitu cha mviringo, kigumu kiasi, kama ncha ya pua. Mwanamke akiwa na mimba kitu hicho hulainika, kikawa kama mdomo. Katikati yake pana tundu dogo. Kwa mwanamke ambaye hajazaa, tundu hilo ni la duara. Kwa aliyekwisha kuzaa kwa njia ya kawaida, linakuwa kama mstari uliolala. Ndani ya tundu kuna mfereji mwembamba unaopanda mpaka kwenye chumba cha mfuko wa uzazi. Damu ya hedhi hushukia humo, mbegu za mume hupandia humo, na mtoto hutokea humo.

Kazi yake kila mwezi

Mlango huu haukai wazi ovyo. Ndani ya ule mfereji kuna vijitezi vinavyotengeneza ute, na ute huo hubadilika kufuatana na siku za mwezi. Siku nyingi huwa mzito, umeziba mfereji kama kizibo, na hauruhusu mbegu wala vijidudu kupita kwa urahisi. Yai linapokaribia kutoka, ute huwa mwingi, mwepesi, unaong'aa na kuvutika kama ute mweupe wa yai bichi. Siku hizo mbegu za mume hupita kwa urahisi, na zinaweza kuishi ndani ya mwili wa mke hata siku 5. Daktari John Billings wa Australia na mkewe Evelyn waliichunguza alama hii kuanzia miaka ya 1950, wakawafundisha wanandoa kuisoma ili wapange uzazi kwa njia ya asili. Anayetaka kuifuata njia hiyo asijifundishe kwa kusikia tu kwa jirani. Atafute mwalimu aliyeielewa vizuri.

Kwa hiyo, dada, ute usio na harufu mbaya na usiowasha si ugonjwa. Wako wanaouona wakadhani ni uchafu, wakajiosha ndani kwa sabuni au dawa za dukani, au wakaweka shabu na majani ili wawe wakavu. Acheni jambo hilo. Uke una vijidudu vyake vyema vinavyoulinda, na ukiviua unawafungulia adui mlango. Maji safi kwa nje yanatosha.

Wakati wa mimba na uchungu

Mfuko wa uzazi ni misuli mitupu, lakini mlango wake si hivyo. Sehemu kubwa ya mlango imefanywa kwa nyuzi imara, na ndizo zinazobeba uzito wa mtoto, maji na kondo la nyuma kwa miezi 9. Ute nao hukusanyika ukawa kizibo kizito cha kumlinda mtoto. Wiki za mwisho nyuzi hulegea. Kizibo kinapotoka, mama huona ute wenye damu kidogo, na huo ni mmoja wa ujumbe kwamba siku imekaribia. Lakini damu nyingi nyekundu si ujumbe huo. Ikitoka, mama apelekwe hospitali mara moja.

Uchungu unapoanza, misuli ya mfuko hujikaza na kuuvuta mlango kwenda juu. Kwanza mlango hufupika na kuwa mwembamba, kisha hufunguka kidogo kidogo. Mkunga akisema, "Njia imefunguka sentimita 4," ndicho anachopima. Ukifika sentimita 10 umefunguka wote, na hapo ndipo mama anaruhusiwa kusukuma. Ukisukuma mapema unachoka bure, na mlango unaweza kuvimba au kuchanika. Ndiyo maana dawa za kienyeji za kuharakisha uchungu ni za hatari. Zinaweza kuukaza mfuko kwa nguvu wakati mlango bado haujawa tayari. Mtoto huchoka, na mfuko wenyewe waweza kupasuka.

Wako pia akina mama wanaopoteza mimba katika mwezi wa 4, wa 5 au wa 6, mara moja na mara nyingine tena, pasipo uchungu mkubwa. Majirani husema amerogwa, au mawifi husema ndugu yao ameoa mwanamke asiyefaa. Mara nyingine sababu ni mlango wa kizazi uliolegea, usioweza kubeba uzito. Mwaka 1955 Daktari Shirodkar wa Bombay, India, alieleza namna ya kuushona mlango huo kwa uzi. Mwaka 1957 Daktari McDonald wa Melbourne, Australia, akaeleza njia iliyo rahisi zaidi. Mpaka leo madaktari hushona hivyo, kwa kawaida kati ya wiki ya 12 na ya 14, na uzi hukatwa karibu na wiki ya 36 au 37. Mama aliyepatwa na jambo hili asikae kulia tu. Akipata mimba nyingine aanze kliniki mapema, na aeleze yote yaliyotokea.

Mahali matatizo yanapoanzia

Mlango wa kizazi una ngozi za aina mbili. Ile ya nje, inayoelekea ukeni, ina tabaka nyingi na ni imara, kama ngozi ya ndani ya shavu. Ile ya ndani ya mfereji ni laini, ya tabaka moja tu. Mahali zinapokutana pana mpaka, na mpaka huo husogea kadiri ya umri. Kwa msichana na kwa mama mwenye mimba husogea nje. Mama akifika umri wa kukoma hedhi hurudi ndani ya mfereji. Hapo mpakani ngozi laini hugeuka polepole kuwa ngumu, na chembechembe zinazogeuka ni dhaifu. Hapo ndipo saratani nyingi za mlango wa kizazi huanzia. Ndiyo sababu moja inayofanya kuanza kujamiiana katika umri mdogo kuwe na hatari.

Kinachosababisha ni virusi vya papiloma, ambavyo hospitalini huitwa kwa kifupi HPV. Kujulikana kwake kuna historia ndefu. Mwaka 1951 mama wa watoto watano, Mmarekani aitwaye Henrietta Lacks, alikwenda hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore kwa sababu alihisi kinundu ndani. Ilikuwa saratani ya mlango wa kizazi, na Oktoba mwaka ule ule alifariki akiwa na umri wa miaka 31. Madaktari walichukua chembechembe za uvimbe wake bila kumwomba ruhusa, na chembechembe hizo zinaendelea kuishi katika maabara mpaka leo. Mwaka 1983 na 1984 mtaalamu Mjerumani, Harald zur Hausen, pamoja na wenzake walitambua aina mbili za virusi hivi, namba 16 na namba 18. Hiyo namba 18 ilikutwa pia ndani ya chembechembe za mama yule. Aina hizo mbili ndizo zinazoleta kama asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi. Mwaka 2008 zur Hausen alipewa Tuzo ya Nobeli.

"Umevitoa wapi?"

Mama mmoja mwenye watoto wanne ametuandikia barua, akaomba tusitaje jina lake wala mahali anapoishi. Alipima kliniki akaambiwa ana virusi vya papiloma. Jioni akamweleza mumewe. Mume aliuliza neno moja tu: "Umevitoa wapi?" Tangu siku hiyo hawasemezani vizuri. Anasema, "Sijatoka nje ya ndoa yangu hata siku moja. Nimjibu nini?"

Dada yetu, pole sana. Tunakujibu hapa wazi kwa sababu tunajua hauko peke yako.

Ni kweli virusi hivi huambukizwa kwa kujamiiana. Lakini ni vya kawaida mno. Karibu kila mtu anayejamiiana, mwanamume kwa mwanamke, huvipata wakati fulani wa maisha yake. Mara nyingi havionyeshi dalili yoyote, na mwanamume anaweza kuwa navyo asijue. Kwa watu wengi mwili huvishinda wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kwa wachache hukaa kimya miaka mingi. Kwa hiyo hakuna kipimo kinachoweza kusema vilitoka kwa nani, wala viliingia mwaka gani. Vinaweza kuwa vya kabla hamjaoana, kwa upande wako au kwa upande wake, na vikaonekana leo. Basi kipimo hicho hakiwezi kuwa ushahidi wa uzinzi, si wako wala si wa mumeo. Usikitumie kumhukumu, naye asikitumie kukuhukumu.

Tena kuwa na virusi si kuwa na saratani. Kwa mwanamke mwenye afya ya kawaida, virusi vikikaa mwilini huchukua miaka 15 hadi 20 kuleta saratani. Kwa mwenye kinga iliyopungua, kwa mfano mwenye virusi vya UKIMWI asiyetumia dawa, inaweza kuwa miaka 5 hadi 10. Wanawake wenye virusi vya UKIMWI wako katika hatari mara 6 zaidi, na ndiyo maana huambiwa wapime mapema na mara nyingi zaidi. Kilicho cha lazima kwako sasa ni muuguzi auangalie mlango wa kizazi, na kama kuna dalili, itibiwe. Mwombe mumeo mfuatane naye siku hiyo, asikie kwa masikio yake.

Kipimo chenyewe kikoje?

Wengi wanaogopa kipimo kuliko ugonjwa. Tueleze kinavyofanyika. Utalala chali, utafunikwa kanga au shuka. Muuguzi ataingiza ukeni kifaa kinachofunguka kama mdomo wa bata, ili mlango wa kizazi uonekane. Utasikia kubanwa kidogo, lakini ukipumua polepole na kulegeza mapaja si maumivu makali. Kisha anapaka dawa iliyo kama siki na kusubiri dakika moja. Mahali penye chembechembe zisizo za kawaida hugeuka peupe. Ni kazi ya dakika chache, na majibu hupatikana hapo hapo. Si jambo la kujaribu nyumbani na siki ya jikoni, maana dawa peke yake bila macho ya aliyefundishwa haina faida.

Kipimo cha pili ni cha kutafuta virusi vyenyewe. Hutumia kijiti chenye pamba, na mahali pengine mama huweza kujichukulia mwenyewe faraghani. Kipimo hiki kinafaa hata kwa mama aliyekoma hedhi, ambaye mpaka wa ngozi umekwisha kuingia ndani na dawa ya siki haionyeshi vizuri.

Shirika la Afya Duniani linashauri kila mwanamke aanze kupima akiwa na umri wa miaka 30, na mwenye virusi vya UKIMWI aanze akiwa na miaka 25. Kwa kipimo cha virusi, ukionekana salama utarudia baada ya miaka 5 hadi 10, na mwenye virusi vya UKIMWI baada ya miaka 3 hadi 5. Kwa kipimo cha siki muda ni mfupi zaidi. Muuguzi atakuambia tarehe. Usiende ukiwa katika siku zako. Ukitaka muuguzi wa kike, omba. Si vibaya kuomba.

Likionekana baka jeupe, mara nyingi hutibiwa kwa kuligandisha kwa baridi kali au kuliunguza kwa kifaa chenye joto, na mama hurudi nyumbani siku ile ile. Kizazi hakiondolewi, na anaweza kuzaa tena. Baada ya hapo atatokwa na maji maji kwa wiki kadhaa, na ataambiwa asikutane na mumewe kwa mwezi mmoja hivi. Baba naye aelezwe hilo mapema, lisije likazua ugomvi.

Dalili zisizotaka kungoja

Sehemu ya nje ya mlango wa kizazi haisikii maumivu kwa urahisi kama ngozi. Kwa hiyo saratani ikiwa changa haiumi. Usingoje maumivu. Nenda hospitali ukiona moja ya haya:

– damu baada ya kukutana na mumeo;
– damu katikati ya mwezi, nje ya siku zako;
– maji maji yenye harufu mbaya, yaliyochanganyika na damu;
– maumivu ya kiuno au nyonga yasiyoisha, au mguu kuvimba;
– damu yoyote kwa mama aliyekoma hedhi.

Hili la mwisho tuwaambie mama zetu na mama wakwe zetu. Bibi akiona damu baada ya miaka mingi, asifurahi kwamba ujana umemrudia, wala asifiche kwa aibu. Ni lazima apimwe. Ukifika mbele ya daktari usizunguke maneno. Sema wazi: "Natokwa na damu ukeni. Naomba mniangalie mlango wa kizazi." Hata saratani iliyokwisha kuanza hutibika vizuri zaidi ikigunduliwa mapema, kwa upasuaji, au kwa mionzi kama ile inayotolewa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam.

Na binti zetu je?

Binti zetu wana bahati ambayo sisi hatukuwa nayo. Ipo chanjo ya kuzuia virusi hivi. Rwanda ilianza kuwapa wasichana nchi nzima mwaka 2011, Uganda mwaka 2015, Tanzania mwaka 2018, na Kenya mwaka 2019. Tangu mwaka 2024 nchini Tanzania binti wa miaka 9 hadi 14 hupata dozi moja tu.

Wako wanaosema chanjo hii inafunga kizazi. Si kweli. Haina virusi hai ndani yake, na inakilinda kizazi kisije kikaondolewa kwa sababu ya saratani. Wengine husema, "Binti yangu ana adabu, ya nini kumchanja?" Mama mwenzangu, chanjo ya pepopunda haimfundishi mtoto kukanyaga misumari. Binti mwenye adabu ataolewa siku moja, na hatajua mumewe amebeba nini. Chanjo hufanya kazi vizuri zaidi kabla hajakutana na virusi, ndiyo maana hutolewa mapema. Naye akifika miaka 30 aende apimwe kama wengine, kwa kuwa chanjo haizuii aina zote.

Kwa hiyo mwezi huu tunaomba mambo matatu. Mwenye miaka 30 au zaidi ambaye hajawahi kupima, apange siku na aende na jirani yake ili wapeane moyo. Mwenye binti wa miaka 9 hadi 14 aulize shuleni au zahanati kama jina lake limo katika chanjo. Na katika kikundi chenu cha akina mama, ukurasa huu usomwe kwa sauti, ili hata yule asiyejua kusoma asikie. Mwezi ujao tutazungumza juu ya mama aliyefikia umri wa kukoma hedhi: joto la ghafla, usingizi unaokatika, na mifupa. Mbaki salama.